Kopo Kwenye Nyumba ya Watu wa Ng'ombe

Mama mkwe wangu hakulipenda neno kopo. Alitoka Gakindu akaja kwetu Ruring'u, mjini Nyeri, kunisaidia kulea, na siku ya kwanza alipoliona kopo la maziwa ya unga mezani, aliligeuza maandishi yatazame ukuta. Kwake kuna ng'ombe wa gredi, wanaokamuliwa asubuhi na jioni. Mjukuu wake kunywa unga wa dukani ilikuwa aibu asiyojua aiweke wapi.

Hatukuwa na la kufanya. Dawa nilizopewa baada ya kujifungua zilinizuia kunyonyesha, na maziwa ya ng'ombe yalimfanya binti yangu aende choo chenye damu. Daktari alituandikia maziwa ya aina moja tu, yaliyotengenezwa kwa matumbo kama lake. Halafu yakaadimika. Maduka ya dawa ya mjini yakasema yameisha, Karatina hakuna, Nanyuki hakuna. Mume wangu alipiga simu Nairobi mpaka akawa anawauliza wauza dawa habari za watoto wao. Chini ya kopo letu ulibaki unga wa siku moja, labda mbili. Niliogopa sana, na mimi nikiogopa huwa mkali. Nilimfokea kila mtu, hata redio.

Mama mkwe alipokuwa anaenda kwa akina mama wa maombi, nilimsihi awaulize kama kuna mwenye kopo kama lile. Mimi ni mtu wa magharibi mwa Kenya, huku sina ndugu. Yeye anajulikana kila mahali.

"Nitawaambia," akasema.

Na kweli aliwaambia. Kesho yake mlango haukufungwa. Mmoja alileta maziwa kwenye chupa ya mafuta ya kupikia, mwingine kwenye mtungi, wengine kwenye ndoo zilizofunikwa kwa leso.

"Tumesikia ati mtoto amekosa maziwa," walisema, "na hapa ni Nyeri."

Yote yalikuwa ya ng'ombe. Sufuria zangu zikajaa, nikaanza kutumia beseni. Nilimwita mama mkwe jikoni, nikamuuliza, kwa heshima kidogo iliyokuwa imenibakia, kama alitaja kopo.

"Ningesema aje, mama?" akajibu, macho chini. "Hiyo neno ilikataa kutoka. Watu wangeuliza ng'ombe zangu zinafanya kazi gani."

Nilitaka kupiga kelele. Lakini wageni walikuwa wamekaa, na maziwa ya watu hayarudishwi, kwa hiyo nikabandika chai ya maziwa matupu, bila tone la maji, nikawapelekea huku nimenuna. Kati yao kulikuwa na nyanya mmoja mzee aliyetoka mji wa Chaka. Dada yake alikuwa kwenye yale maombi, akampigia simu, naye akaja na ndoo yake. Binti yangu alipoanza kulia, nyanya huyo akaisogeza ndoo kwangu.

"Si umpatie hii? Ni ya leo asubuhi."

"Hawezi, shosho," nikasema, na sauti ikanipanda mbele ya wageni. "Akikunywa ya ng'ombe anatoa damu. Anakunywa ya kopo. Na kopo haipatikani."

Mama mkwe alijifanya anakunja leso. Yule nyanya akaweka kikombe chini.

"Hebu nione hiyo kopo."

Nikalitoa pale lilipokuwa likitazama ukuta, nikaligeuza. Alilisogeza karibu na macho, kisha akalisogeza mbali.

"Ni hii tu," akasema. "Mjukuu wangu alikuwa na hiyo shida, sasa anakula mpaka githeri, mahindi na maharagwe. Niko na mbili kwa kabati, hazijafunguliwa. Leo nilitaka kuzibeba nikaona aibu. Nitaletea watu kopo aje, na niko na ng'ombe?"

Mama mkwe ndiye aliyeanza kucheka, akafuatiwa na wengine, na mimi nikalia mbele yao wote bila kuona haya. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sikuwahi kujua methali ile inaweza kuwa kweli namna hiyo. Wahenga walisema pia kwamba mficha uchi hazai. Sisi tulikuwa tumeshazaa, na bado tulikuwa tunaficha.

Mume wangu alimrudisha nyanya Chaka, akaja na makopo yote mawili, akazisoma tarehe zake mara mbili kabla hatujafungua. Binti yangu alikunywa mpaka akalala na chupa mdomoni. Kabla ya kopo la pili kwisha, maziwa yalirudi madukani, na hofu yangu ikaisha taratibu.

Lakini mimi nakumbuka zaidi jioni ile. Mama mkwe alilipangusa kopo jipya kwa leso yake, akaliweka katikati ya meza, maandishi yakitutazama sisi.