Tulijenga ndege wenyewe hapa Kibwezi, na siku ya kuirusha nilikaribia kumuua mzee wangu

Wakuu, habari za leo. Hii story nimekaa nayo mwezi mzima bila kuambia mtu ambaye hakuwepo. Sitaongeza chumvi, na penye nilikosea nitasema nilikosea.

Mimi ni mtu wa Kitui lakini kazi iko Kibwezi. Natengeneza pampu za maji za wakulima wa kando ya mto. Huko ndiko nilikutana na Mzee Kioko, fundi wa ndege aliyestaafu. Alifanya hiyo kazi zaidi ya miaka thelathini, na leseni ya urubani alikuwa nayo pia. Pampu yake iliharibika, nikaenda kuitengeneza, nikakuta kwa store ya ndengu kuna masanduku ya mbao yamejaa mabomba na vyuma.

Nikamuuliza ni nini. Akaniambia ni ndege.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Ilikuwa kit, yaani inakuja vipande vipande na kitabu cha maelezo, unaunga mwenyewe. Viti viwili, injini moja mbele. Tuliijenga miaka minne, kila Jumamosi na siku zingine nikikosa kazi. Mkewe, Mama Ndinda, ni fundi wa nguo. Yeye ndiye alivalisha mabawa kitambaa. Hicho kitambaa unakibandika na gundi, unakipiga pasi kikaze kama ngoma, halafu unakishona kwa mbavu za bawa. Mama alisoma kile kitabu kuliko sisi wote wawili. Kila picha anaijua.

Sasa sikizeni hapa, maana shida ilianzia hapa.

Nyuma ya mabawa kuna vibao viwili, wanaviita aileron. Kimoja kikipanda kingine kinashuka, ndivyo ndege inalala upande. Rubani akilaza stick, ile fimbo ya kuongozea, kushoto, kibao cha kushoto kinafaa kupanda. Kikishuka, ndege italala kulia na yeye anataka kushoto. Ukiwa chini hakuna shida. Ukiwa juu kidogo tu, umekwisha.

Mkaguzi wa ndege alikuja, akaangalia kila kitu, akapitisha. Baadaye tukaona waya moja ya hizo aileron inasugua chuma. Mzee alikuwa ameenda Nunguni kwa mazishi ya shemeji yake, akaniambia nibadilishe pulley, kile kigurudumu waya inapitia, na nirudishe waya vile zilikuwa.

Nikabadilisha. Nikarudisha. Nikashika stick, nikaipeleka huku na huku, vibao vikacheza vizuri, laini kabisa. Nikachukua logbook, kitabu cha kumbukumbu za ndege, nikaandika kwa mkono wangu: "Tested, OK."

Mzee aliporudi aliniuliza kama zinasonga. Nikamwambia zinasonga.

Siku ikafika. Tuliivuta ndege mpaka kiwanja cha murram cha shamba moja la mkonge. Kanisa lote lilikuja. Vijana walifukuza mbuzi. Akina mama waliweka sufuria ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, kwa mawe matatu pale kando. Pastor aliombea mabawa, akaombea injini, akaombea hata magurudumu.

Mzee akapanda, akafunga mshipi, akawasha injini. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa kushoto, Mama Ndinda akaja akasimama karibu na mimi, mwiko bado mkononi. Mzee akacheza na stick kama inavyotakikana kabla ya kuruka. Watu wakapiga makofi walipoona vibao vinasonga.

Mama hakupiga makofi. Alinishika kiwiko.

"Mbona hiyo ya huku imeshuka?" akaniuliza. "Amelaza mkono huku kwetu. Kwa kitabu inapanda."

Nikaangalia. Mkono wa mzee, kushoto. Kibao cha kushoto, chini.

Sikufikiria. Nilikimbia mbele ya ndege, mbali kidogo na propela, nikapungia mikono yote miwili. Ilikuwa imeanza kusonga. Mzee alinionyesha kwa mkono nitoke. Sikutoka. Niliona ile hasira kwa uso wake kabla azime injini.

Nikaenda kwa mlango nikamwambia alaze stick kushoto na aangalie kibao, si kama kinasonga tu, aangalie kinaenda wapi.

Akalaza. Akaangalia. Akarudisha katikati, akalaza tena. Mara ya tatu akatoa mkono kwa stick kama imemchoma.

Pastor alikuja kuuliza kama injini imekataa, nikamwambia si injini.

Aliposhuka aliomba maji kwanza. Kisha akafungua logbook, akaweka kidole kwa mwandiko wangu.

"Nani aliandika hii?"

"Ni mimi, mzee."

Nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa. Hata kofi ningekubali. Yeye akafunga kitabu polepole.

"Na mimi niliangalia saa hii," akasema. "Nikaona zinasonga, nikaona imetosha. Miaka yote hiyo kwa hii kazi."

Halafu akanipa spana, akaniambia nifungue. Nikamwambia afadhali afungue yeye. Akakataa. Nilifungua mbele ya kanisa lote, Mama Ndinda ameshika kitabu kwa ile picha. Nilikuwa nimepishanisha waya mbili. Ni hivyo tu. Waya mbili.

Ndege haikuruka siku hiyo, na mpaka leo haijaruka. Mzee amesema mkaguzi arudi aanze upya, na sasa mtu mmoja akifunga kitu, mwingine ndiye anakagua. Bado ananiita kila Jumamosi. Mimi ndiye nilitaka kuacha, yeye akasema fundi ambaye ameshaogopa ndiye anamtaka.

Kitu nimejifunza: "inasonga" na "inasonga vile inafaa" ni vitu viwili tofauti. Na usiwahi kukagua kazi yako mwenyewe peke yako, kwa sababu jicho lako linaona kile umeamini.

Lakini kile kinanitesa si hicho. Tulipokuwa tunakula hiyo muthokoi, Mama Ndinda aliniambia hakuwa amepanga kuja pale kwa ndege. Alikuwa anakoroga. Mwenzake akamwambia aende tu, bwanake haruki kila siku, yeye atashika sufuria. Akasahau hata kuacha mwiko. Angebaki pale kwa moto, mzee angeruka.

Wale mko kwa gereji, site, hospitali, popote: ni nini uliandika OK na haikuwa OK? Semeni hapa chini bila aibu. Mimi nimeshatangulia.