Nilivyoifungua Kadi ya Picha

Kwa miaka sita nilifunga AC juu ya mapaa ya Dubai, na nilipoitwa na ofisi moja ya Al Baraha inayotengeneza makabati ya jikoni, nilihisi nimeokoka. Walitaka mchoraji. Kuchora kwa kompyuta nilikuwa nimejifunza kwenye video za bure, nikiwa kitandani, baada ya kazi. Sir wa ofisi ile aliniambia nilete Jumatatu asubuhi mchoro wa jiko zima, wenye rangi na vivuli, ufanane na picha iliyopigwa. Agosti, mwezi wa joto kali kule, ilikuwa inakaribia. Aliyewahi kushika bati la paa mwezi huo atajua kwamba sikuwa natafuta kazi tu, nilikuwa nakimbia.

Jumapili, siku yangu ya mapumziko, niliwasha kompyuta niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anarudi kwao. Programu ya kuchorea ikagoma. Iliandika kwamba haioni kadi ya picha, yaani kile kipande cha ndani kinachobeba kazi nzito ya kuchora. Nikatoa ubavu wa kompyuta, nikachungulia. Kadi ipo, kubwa, ina feni mbili, imekaa mahali pake. Mimi naiona, kompyuta haiioni.

Mwenzangu wa chumba ni Mkenya, mlinzi wa hoteli moja huko Al Mankhool, na anajua kompyuta. Jambo hilo analijua yeye mwenyewe, na sisi wengine tunalijua kwa sababu hutuambia. Siku hiyo alikuwa zamu. Nikapiga picha orodha ya vifaa iliyokuwa kwenye skrini, nikamtumia. Baada ya nusu saa akanijibu kwa ujumbe wa sauti, akinong'ona kama mtu anayeviziwa na meneja.

"Bro, hiyo kadi imefungwa. Mwenye alikuuzia ndiye aliifunga. We ifungue tu, alafu urestart."

Sasa, kwetu Tanzania kufunga ndiyo kazi yangu. Nafunga AC, nafunga feni, na fundi wa magari anafunga injini. Kufungua, basi, ni kushika bisibisi. Mkenya wa watu alikuwa anazungumzia alama ndogo kwenye ile orodha, inayoonyesha kadi imezimwa. Unabonyeza mara mbili, inaamka. Mimi nilielewa kwamba aliyeniuzia aliifunga ovyo. Nilifurahi mno, maana hatimaye kompyuta ilikuwa imehamia kwenye fani yangu.

Nikaing'oa kadi, nikaipangusa, nikairudisha, nikawasha. Bado. Nikamwandikia kwamba nimeifungua na hali ni ile ile. Akanijibu kwa maneno mawili tu, niifungue tena. Nikaitoa tena, na safari hii nikatoa feni, nikatoa na bamba la kupozea. Chini yake nikakuta uchafu wa kijivu unaonata. Sijawahi kuacha uchafu kwenye kifaa cha mtu, sembuse changu, kwa hiyo nikausugua mpaka chipu ikang'aa. Nikamwarifu kwamba sasa nimeifungua yote. Akasema basi hapo itaonekana tu, inshallah.

Alirudi alasiri. Akaikuta kadi ndani ya sinia tunalolia wali, skrubu zimepangwa pembeni kwa ukubwa wake. Alisimama mlangoni na kofia ya kazi mkononi, akalitazama sinia, akanitazama mimi. Hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mbona hukusema huelewi?"

"Nilielewa," nikamwambia.

Na kweli nilielewa, tena vizuri sana, ila jambo jingine. Ndiyo hulka yangu. Msimamizi akitoa amri kwa Kiarabu au Kihindi, natikisa kichwa, kisha napanda paani kubahatisha.

Akaniuliza ile dawa ya kijivu iko wapi. Nikamwonyesha kitambaa. Akanieleza polepole, kwa upole uliouma kuliko matusi, kwamba ule haukuwa uchafu. Ndio unaopeleka joto la chipu kwenye bamba, na bila huo kadi inaungua. Mimi ninayelipwa kuwapoza watu nilikuwa nimebakiza kidogo kuichoma kadi yangu mwenyewe. Niliona aibu, na juu ya aibu kukawa na hofu, kwa sababu kesho yake ndiyo ilikuwa Jumatatu na sikuwa na hata mstari mmoja.

Tukashuka kwenye duka la mafundi wa simu, chini ya jengo letu pale Al Muraqqabat, tukapata tyubu ndogo ya ile dawa. Tukarudi, nikaifunga kadi, kwa Kitanzania. Yeye akaifungua, kwa Kikenya, kwa kubonyeza mara mbili. Programu ikakubali, na mchoro ukakamilika kabla hatujapakua chakula cha jioni.

Kazi niliipata, ya majaribio. Asubuhi ya kwanza sir alinipa karatasi ya mteja, madam mmoja aliyetaka jiko jipya, akataja aina ya milango kwa neno la Kiingereza ambalo sikuwahi kulisikia. Nikasema "yes sir", nikaenda mezani kwangu. Nikashika kipanya, nikajaribu kubahatisha, mkono ukakataa. Nikainuka nikarudi ofisini kwake. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa juu ya paa lolote, maana niliamini ataniambia khalas, imekwisha, rudi ulikotoka.

"Sir, hilo neno sikulielewa," nikasema, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga.

Akainuka, akarudishia mlango, akanivutia kiti. Akakiri kwa sauti ya chini kwamba hata yeye halijui. Madam alilitaja kwenye simu, naye akamjibu "yes madam".