Dirisha la Mama Mwenye Kitabu

Kanisa letu dogo lilikuwa na madirisha sita, matatu kila upande, na kwa miaka mingi hakuna hata moja lililokuwa na kioo. Tuliyaziba kwa mabati na magunia ya nailoni, na mbayuwayu waliingia na kutoka kupitia mapengo wakati wa misa kama waumini wengine. Lilikuwa kanisa la mawe, juu kidogo ya mji wa Machakos, pale mashamba ya matuta yanapoanza kupanda kilima.

Padri wetu alikuwa Mkamba mzee, mrefu, mpenda mambo ya kale. Aliimba Kilatini bila kutazama kitabu, na ubani wake ulitukohoza hadi viti vya nyuma. Jumapili moja, miaka michache baada ya kuingia mwaka wa elfu mbili, alitangaza kwamba amepata fundi wa vioo vya rangi, na kwamba kila dirisha litakuwa na mtakatifu mmoja.

"Sitachagua mimi," alisema. "Mtachagua nyinyi, maana ni nyinyi mtakaowatazama mahubiri yangu yakiwa marefu."

Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya kanisa, si kwa sababu ya utakatifu bali kwa sababu ya mwandiko. Nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na mwandiko wangu ulisomeka. Basi baada ya misa nikakaa mbele na daftari langu, padri kando yangu, na mwenyekiti wa kamati akafungua mkutano. Mwenyekiti alikuwa mwanajeshi mstaafu, kifua mbele, kichwa hakina unywele hata mmoja. Jambo la kwanza alilosema lilikuwa kwamba dirisha moja limeshajaa: Malaika Mikaeli, mwenye upanga.

"Huyo ni mwenzangu," alisema. Hakuna aliyethubutu kumpinga.

Wakulima wakamtaka Isidori, kwa sababu alilima kwa ng'ombe kama wao. Chama cha akina mama kikamtaka Monika, na hawakuomba, walitangaza. Maseremala wawili wa mtaani wakasimama kwa ajili ya Yosefu. Vijana wakawataka Mashahidi wa Uganda.

"Wote?" padri akauliza.

"Wote, Fatha. Walikufa pamoja, hatuwezi kuwatenganisha."

"Dirisha lenyewe ni jembamba. Tutapata nafasi ya miguu yao tu."

Walibishana na kucheka, na mwishoni vijana wakakubali Karoli Lwanga awasimamie wenzake. Padri alikuwa na sharti moja tu: kila mtakatifu abebe alama yake. "Hawa hawajulikani kwa sura," alitueleza. "Hakuna aliyewapiga picha. Yosefu anajulikana kwa vifaa vya useremala, Mikaeli kwa upanga. Ukimnyima mtakatifu alama yake, umemfanya mgeni."

Kufikia saa nane tulikuwa na watano. Dirisha la sita ndilo lililoleta kelele. Kwaya ilimtaka Sesilia, mlinzi wa waimbaji. Mwenyekiti alimtaka Kristofa, mlinzi wa wasafiri, kwa kuwa wanawe wawili waliendesha malori ya kwenda Mombasa. Kila upande ulikuwa na watu wake, na njaa ilikuwa inawachochea. Hapo ndipo nilipoona mwanamke mmoja amesimama katikati ya kanisa, kiondo anachosuka kikining'inia mkononi, akingoja wanyamaze. Alikuwa mama yangu.

Mama hakuwa mtu wa kusimama kwenye mikutano. Alikuja, alisuka, alisikiliza, akarudi nyumbani na kutusimulia kila neno. Nilishtuka mpaka kalamu ikatulia.

"Mimi nataka yule mama mwenye kitabu," alisema. Alisema kwa Kikamba. Maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili.

Watu walitazamana. "Mama yupi, mwaitu?" nikamuuliza, nikimwita mama kwa lugha yetu lakini kwa sauti ya katibu.

"Sijui jina lake. Nilimwona kwenye picha, ukutani katika hospitali ya masista, siku nilipokuzaa wewe. Ni mama mtu mzima, ameketi, ameshika kitabu, na msichana amesimama magotini mwake. Anamfundisha. Nilikaa pale siku tatu nikiitazama ile picha."

Padri alivua miwani. "Huyo ni Mtakatifu Anna," alisema polepole. "Mama yake Bikira Maria. Hicho kitabu ndicho alama yake."

"Basi ni huyo," mama akasema. "Watakatifu wenye vitabu ninaowaona kwenye kalenda zenu wote ni wanaume wenye ndevu. Huyu alikuwa mama wa nyumbani, na alijua kusoma, na hakujiwekea peke yake. Akampa binti yake."

Akaketi, akaendelea kusuka.

Kuna jambo ambalo watu wengi mle kanisani hawakulijua, lakini mimi nililijua. Mama hakujua kusoma. Kaka zake walipopelekwa shule, yeye alipewa mbuzi wa kuchunga. Tulipokuwa wadogo alitukagua madaftari kila jioni. Tulisimama mbele yake kwa mstari, naye akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa, uso umekunjamana kama wa mkaguzi, na alipokuta alama nyekundu ya kosa alitutaka tueleze. Nilikuwa darasa la tano nilipogundua kwamba daftari langu alikuwa amelishika juu chini. Nililigeuza polepole nikijifanya ninamwonyesha mahali, naye akaniacha niligeuze, na hatukulizungumzia kamwe. Kisha nikaenda chuo cha ualimu, nikarudi, nikafundisha mamia ya watoto wa watu wengine, na miaka yote hiyo haikunijia akilini kumfundisha yeye.

Mwenyekiti alikohoa. Alimtazama mama, akatazama orodha yangu, akaniashiria.

"Mwalimu, futa Kristofa," alisema. "Yeye atangoja. Amezoea barabara."

Kwaya nao wakacheka, wakamwachilia Sesilia, na mikono yote ikainuka.

Miezi miwili baadaye fundi alituita tukaone michoro kabla hajakata vioo. Karakana yake ilikuwa Mlolongo, nyuma ya machimbo ya mawe, na vumbi jeupe lilikuwa limelala juu ya kila kitu isipokuwa vile vioo. Tulikwenda wanne kwa pikapu ya parokia: padri, mwenyekiti, mimi, na mama, ambaye padri mwenyewe alimwalika. Fundi alikuwa kijana mpole wa kutoka Murang'a, vidole vyake vimejaa makovu madogo ya kukatwa na vioo. Alitandaza karatasi kubwa mezani, moja baada ya nyingine, akatuonyesha mahali utepe wa madini ya risasi utakapopita kushikanisha vipande.

Mikaeli alimpendeza mwenyekiti. Monika alikuwa na machozi yake. Tulipofika kwa Isidori, mwenyekiti akainama, akanyoosha kidole.

"Hii ni nini?"

"Ni ng'ombe, mzee. Anavuta plau."

"Nundu iko wapi?"

Fundi alikuwa amemnakili kutoka kitabu cha ng'ambo: ng'ombe mwenye mgongo ulionyooka kama meza.

"Ng'ombe wa namna hii hawezi kulima kwetu hata tuta moja," mwenyekiti akasema. "Wakulima watakataa kusali mbele yake. Weka nundu, kijana. Na ngozi ya shingo yake ilegee kidogo hapa chini." Akachukua penseli ya fundi akachora mwenyewe, na lazima niseme kweli, alichora nundu nzuri kuliko nilivyotarajia kwa mtu wa bunduki.

Karatasi ya mwisho ilikuwa ya Anna. Fundi alikuwa amemvika kitambaa cha kijani kichwani, na msichana alikuwa ameegemea goti lake. Kitabu kilikuwa wazi, kimegeuzwa kidogo kuelekea kwetu, na kurasa zake zilikuwa tupu.

"Hapa ndipo nimekwama," fundi alisema. "Sijui niandike nini."

Padri alikuwa amejiandaa. Alitoa karatasi mfukoni, ameandika mstari wa zaburi kwa Kilatini, herufi za mapambo. Alikuwa akiusoma kwa furaha yake ya kawaida mama aliposogea karibu na mchoro.

"Kijana," akamwambia fundi kwa Kiswahili, "huyu mtoto ako na miaka ngapi?"

Fundi akafikiri. "Kama mitano, mama. Sita."

"Na Fatha anataka asome Kilatini?" Akanigeukia mimi. "Wewe, Mwalimu." Hakuwahi kuniita hivyo maishani mwake. "Watoto wako wakikuja mara ya kwanza, unaanza na nini?"

"A, e, i, o, u," nikasema.

"Si basi aandike hiyo."

Fundi alimtazama padri kwa hofu. Mwenyekiti alitazama dari. Mimi nilitazama viatu vyangu, kwa sababu nilimjua padri wetu na Kilatini chake. Padri alikaa na karatasi yake mkononi, midomo ikitembea, kana kwamba anazihesabu herufi zenyewe. Halafu mabega yakaanza kumtetemeka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza.

"Asi!" alisema akipangusa macho. "Miaka yote ya seminari, na hata Kilatini kinaanza na hizo hizo tano. Andika, kijana. Ziandike kubwa."

Siku ya kubariki madirisha nilichelewa kwa sababu ya sufuria za muthokoi, mahindi ya kukoboa kwa ajili ya karamu, zilizohitaji macho yangu, na nilipoingia jua lilikuwa limeshapanda kwa upande wa kulia. Sikuwa nimewahi kuona kanisa letu kwa rangi. Sakafu ya saruji ilikuwa nyekundu na njano. Kichwa cha mwenyekiti kilikuwa cha buluu, na kila alipoinama kusali kikawa cha zambarau. Wakulima walisimama chini ya Isidori, wakionyeshana yule ng'ombe mwenye nundu, mmoja akidai kwamba ni wake. Mtoto mchanga wa jirani yetu alikuwa akijaribu kuushika mwanga wa kijani kwenye gauni la mama yake, anakunja ngumi, anafungua, anashangaa hakuna kitu.

Mama alikuwa ameketi chini ya Anna na wanawake wenzake wa umri wake. Kuanzia Jumapili hiyo pale pakawa pao. Mahubiri yalipozidi urefu niliwaona wakinyanyua nyuso, midomo ikichezacheza. Sikuelewa mpaka jioni moja nilipomtembelea mama jikoni, akaniambia bila kunitazama, akipepeta maharagwe, "Ile herufi ya tatu pale dirishani, yenye kijiti kimoja. Inasomwaje?"

"I," nikasema.

"I," akarudia. "Nilikuwa nikiiita e. Ndiyo maana hatukuelewana na wale wenzangu."

Niliweka kiondo changu chini. Nilichukua kipande cha mkaa kutoka mekoni, nikachora m ukutani, nikamwonyesha namna inavyoshikana na a. Mama alizifuata herufi ukutani kwa kidole. "Ma," alisema. Kisha akairudia mara ya pili mwenyewe, kabla sijaichora tena, "Mama," na akacheka kwa sauti hadi kuku wakatoka nje mbio.

Tuliendelea jioni baada ya jioni, na wenzake wawili wakaongezeka, kisha wanne, kila mmoja na kigoda chake. Ilichukua karibu mwaka. Pasaka iliyofuata mama alikuja kanisani na kitabu chake mwenyewe cha nyimbo, amekifunika kwa karatasi ya gazeti kisichafuke. Wimbo wa ushirika ulipoanza alikifungua, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, na akaanza kuimba kwa kusoma. Alikuwa polepole. Kwaya ilimaliza ubeti, kinanda kikanyamaza, naye alikuwa bado mstari mmoja nyuma. Padri alisimama altareni na mikono imefunguliwa, tayari kwa sala, akangoja. Kanisa zima likangoja. Mama hakuinua kichwa. Aliimba maneno manne ya mwisho peke yake, moja baada ya jingine, akafika kwenye nukta, akafunga kitabu.

"Tuombe," padri akasema.