Mjukuu wa Jitu

Nilipofika darasa la tano nilikuwa nimeshampita mwalimu mkuu kwa kimo, na mwalimu mkuu hakunisamehe mpaka nilipomaliza la saba. Kwenye mstari wa asubuhi niliwekwa nyuma kabisa, na bado wageni waliokuja shuleni walikuwa wakiuliza yule mama aliyevaa sare ni nani. Wenzangu waliniita Ngazi, wakaniita Nguzo ya Simu, wakachoka wenyewe. Jina lililogoma kufa ni Jitu, na nilipewa na mzee jirani yetu wa upande wa chini, ambaye sasa ni mkongwe na hajaacha kulitumia.

Mzee huyo alikuwa rafiki wa babu mzaa baba. Mimi nilikuwa kama mjukuu wake, kwa hiyo alikuwa na haki zote za kunitania, na mimi nilikuwa na haki ya kumwambia meno yake yamehamia Burundi. Alikuwa mwongo wa kupendeza. Alisema kabla ya watu hawa wa kawaida, nchi yetu yote ilikaliwa na majitu. Jitu lilisimama mguu mmoja Nyakahura na mwingine Rulenge, likainama kunawa uso mtoni Ruvubu. Ng'ombe mzima lilimtafuna kama sisi tunavyotafuna dagaa. Yale mawe meusi mazito tunayoyafukua tukilima, ambayo baba alisema ni mabaki ya wafua chuma wa zamani, kwa mzee yalikuwa chakula kilichoungulia jikoni mwa majitu. Majitu yaliishaje yote? Hapo ilitegemea rubisi, pombe yetu ya ndizi, aliyokunywa siku hiyo. Mara ni njaa, mara ni gharika, mara yaligombana yenyewe kwa yenyewe mpaka likabaki moja, likafa kwa upweke, likazikwa kwenye shamba letu.

Hilo la kuzikwa hakulitunga yeye. Nyakahura nzima ilijua kwamba katikati ya migomba yetu kuna kaburi la jitu. Ni tuta la mawe, limelala kama mtu aliyelala chali, na ukilala kando yake, hata uwe mimi, linakupita kwa urefu. Baba aliamini ni wakulima wa kale waliokusanya mawe wapate kulima. Aliniambia hivyo, kisha akaniambia nisiwaharibie watu hadithi yao.

Babu yangu alivuka kutoka Rwanda akiwa kijana, na ng'ombe wachache na sanduku. Aliyempa mahali pa kujenga ni baba wa yule mzee jirani, na tusidanganyane, haukuwa ukarimu mtupu. Hakuna mwenyeji aliyetaka kulima ubavuni mwa jitu. Wote waliamini ukipiga jembe pale utaamka una mgongo wa bibi kizee. Babu alishukuru, akaegesha sanduku, akalima. Migomba ikashika, maharage yakashika, mgongo wake ukabaki umenyooka hadi anakufa. Baadaye ikapita barabara ya lami chini ya shamba, na ghafla kila mtu akakumbuka kwamba pale mahali ni pazuri.

Nikiwa binti, jina la Jitu lilinitesa. Sokoni akina mama waliwaleta watoto wao wapimwe kwangu. "Simama karibu na jitu tuone." Watu wakubwa na akili zao waliniambia mimi ni mabaki ya wale wa kale, damu imechelewa kuisha. Siku moja nilimlilia mama. Mama ni Mhangaza wa kule Rulenge, na akisimama kando yangu anaishia mbavuni. Aliendelea kumenya ndizi, akasema, "Mwana wanje, mwanangu, mimi ndiye niliyekuzaa. Lingekuwa jitu ningelijua." Nililia, kisha nikacheka, kisha nikamsaidia kumenya.

Kwa kuwa hakuna nguo ya dukani iliyowahi kunifika magotini, nilijifunza ushonaji kwa masista wa Rulenge, na mpaka leo nina cherehani yangu penye soko la barabarani. Madereva wa malori wananijua. Nikisimama kupima kitambaa wanapunguza mwendo. Nilikuwa nimeshazoea, na nadhani ningezeeka hivyo hivyo, lakini zikaja video.

Zilikuja kwenye simu. Mtu mwenye sauti nzito anasimulia mifupa ya mapaja mirefu kuliko mlango, ngazi za mawe ambazo binadamu hawezi kuzipanda, na wakubwa wa dunia wanaoficha mafuvu kwenye maghala ili tusijue ukweli. Nilionyeshwa zote, maana nani mwingine angeonyeshwa? Vijana walikuja na simu zao penye cherehani yangu, wanatazama video, wananitazama mimi, wanatazama video. Nikawaambia maghala ya watu siyajui, suruali zao ziko tayari, wachukue waende.

Aliyezichukulia kwa uzito ni mtoto wa yule mzee jirani. Tulisoma darasa moja. Alikaa mjini miaka mingi akarudi na mawazo makubwa, na wazo lake kubwa kuliko yote lilikuwa kaburi letu. Lifukuliwe, alisema. Mifupa iwekwe hadharani chini ya kibanda, na shamba liwe eneo la kijiji, mabasi ya abiria yasimame, wageni waje na kamera. Migomba ikatwe kupisha njia. Alipoulizwa mwenye shamba atakwenda wapi, alijibu sokoni, mbele ya watu, nami nikisikia: "Kwani wale si watu wa kuja? Majitu ni mababu zetu sisi wazawa. Kaburi la babu yetu litakaaje kwa wageni?"

Nilikuwa na mkasi mkononi. Namshukuru Mungu kwamba nilikuwa nakata kitambaa cha mteja, la sivyo sijui.

Kwa siku kadhaa watu walipita shambani bila hodi. Walikanyaga maharage, wakachuma ndizi, wakajipiga picha wamekaa juu ya mawe. Mama aliacha kula vizuri. Baba alishafariki, na shamba lile ndilo nyumba yake na jiko lake na kaburi la mume wake, vyote kwa pamoja. Jioni moja nilimkuta amekaa mlangoni na kanga mabegani, akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama mvua itanyesha, kama kule Rulenge kwa ndugu zake bado kuna nafasi. Mama yangu, aliyeolewa pale akiwa binti, akazika pale, anauliza nafasi! Nilisikia hasira mpaka masikio yakaniwaka. Nikamwambia hatoki mtu.

Mwenyekiti wa kitongoji aliitisha mkutano uwanjani, karibu na soko. Sijawahi kuona mkutano umejaa namna ile. Hata waliokuwa na misiba waliomba ruhusa. Mtoto wa mzee alisimama wa kwanza. Alizungumza vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Alieleza habari za majitu ya kale, maghala, mafuvu, ngazi za mawe, akamalizia na mabasi yatakayosimama na vijana watakaouza soda. Watu walipiga makofi. Mwenyekiti akauliza kama mwenye shamba ana neno. Mama akainuka, mdogo kama alivyo, na midomo ikamtetemeka. Nikamshika bega nikamkalisha. Kisha nikasimama mimi, na mimi nikisimama inachukua muda.

Niliwasalimu. Nikamgeukia yule mwenzangu wa darasa, nikamuuliza mbele ya wote, "Shuleni uliniita nani?"

Akatabasamu. "Utani wa shule huo, dada."

"Uliniita nani?"

"Jitu."

Nikawageukia akina mama wa sokoni. "Na nyinyi? Watoto wenu mliwapima kwa nani?" Vicheko vikaanza pembeni. "Nani hapa hajawahi kuniambia mimi ni mabaki ya wale wa kale? Anyooshe mkono." Hakunyoosha mtu. Mwenyekiti mwenyewe alishusha kofia, maana aliwahi kusema hivyo kwenye harusi yake.

"Basi sikilizeni," nikasema. Sauti yangu ilikuwa imeshapata njia na sikuona sababu ya kuirudisha. "Kwa maneno yenu wenyewe, majitu yalikuwa hapa kabla ya watu wote. Kabla ya Wasubi, kabla ya Wahangaza, kabla ya Wasukuma na ng'ombe wao. Na kwa maneno yenu wenyewe, tangu nikiwa mtoto, mimi ni wa ukoo huo. Yule aliyelala pale ni babu yangu. Watu wa kuja ni nani hapa? Ni nyinyi! Nimewavumilia siku nyingi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo ni ya tatu. Chukueni majembe mkampalilie babu."

Uwanja ulilipuka. Watu walishikana mabega, bibi mmoja alikaa chini kabisa. Kuna mtu alipiga kelele kwamba nchi imerudi kwa wenyewe. Niliona hata yule mwenzangu anapambana na uso wake, na uso ukamshinda, akacheka. Nilisimama pale katikati, mrefu kuliko wote, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikutamani kupungua hata kidole.

Mwenyekiti alipowanyamazisha, alisema utani ni utani, lakini kaburi ni jambo zito, na kwa desturi yetu mwenye kaburi hujulikana kwa kupalilia. Hilo kila mtu analijua. Siku ya Marehemu Wote, mwezi wa kumi na moja, hakuna anayebeba jembe kwenda kwenye kaburi lisilo lake. Ukimwona mtu amepiga magoti anang'oa magugu, huulizi kama ni ndugu. "Sasa," akasema, "la yule, nani hupalilia?"

Mama akasimama tena. Safari hii sikumgusa.

"Sisi," alisema. "Tunaanza nalo hilo, ndipo tunakwenda kwa mume wangu." Nilijua hivyo, nimeng'oa magugu yale tangu utoto na sikuwahi kuuliza. Nilidhani ni namna ya babu tu, kama alivyokuwa akiongea na ng'ombe. Lakini mama akaendelea. "Nilipoletwa pale nikiwa bibi harusi, nilimuuliza baba mkwe, hilo jitu linakuhusu nini? Akaniambia, makaburi ya wazazi wangu niliyaacha ng'ambo. Siwezi kuyafikia, na sijui kama kuna anayeyapalilia. Huyu naye amelala peke yake, wenyeji wanamkimbia. Basi mimi nampalilia yeye, na Mungu akipenda, huko ng'ambo kuna mtu asiyenijua anapalilia wa kwangu."

Nilimtazama mama, na machozi yakanitoka wazi wazi mbele ya wateja wangu wote, nikayaacha yatoke. Nilimkumbuka babu amepiga magoti kwenye mawe yale, kofia ameiweka kando, na nikaelewa alikuwa akiwapalilia akina nani.

Mwenyekiti aliuliza wanaotaka kaburi lifukuliwe wanyooshe mikono. Vijana wachache walinyoosha, wakatazamana, wakashusha. Akauliza wanaotaka libaki na mama abaki na shamba lake. Siwezi kueleza nilivyosikia kuona mikono ile. Iliinuka yote, ya Wasubi, ya Warundi, ya Wasukuma, ya wauza ndizi na ya fundi baiskeli, na mtoto wa mzee naye aliinua wa kwake, polepole, lakini aliuinua. Nilitaka kupiga vigelegele, na nikapiga. Akina mama wakapokea, soko zima likaitika.

Tulipoanza kutawanyika, yule mzee jirani aliinuka kwenye kigoda chake. Alikuwa hajasema neno mkutano mzima, jambo ambalo lilipaswa kututia wasiwasi. Alikuja akikongoja, watu wakampisha. Akasimama mbele yangu, akanitazama kuanzia miguuni kwenda juu, bila haraka, kama mtu anayekagua mti wa kupasua mbao. Kisha akavua kofia.

"Kumbe miaka yote hii nimekosa adabu," alisema, kwa sauti ya kufika kila pembe. "Kama wewe ndiye wa kale, mimi ni mtoto mdogo." Akainama, mzee yule aliyemjua babu yangu akiwa kijana, akainamisha kichwa chake cheupe hadi usawa wa tumbo langu.

"Shikamoo, bibi."

Watu wote walisogea karibu kusikia nitasema nini. Mama alinivuta gauni kwa nyuma, kwa nguvu, kunikumbusha nimelelewa vipi.

"Marahaba," nikamjibu. "Marahaba, mjukuu wangu."