Kanga Hafuatwi

Usiku ule nililala na matope miguuni. Sikuwa na nguvu ya kuinama kuyaosha. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha, nami nilikuwa nalima mashamba mawili: langu, na la marehemu Doto, pacha wangu, aliyeacha mjane na watoto ambao bado jembe linawashinda. Asubuhi nalima huku, mchana navuka kijito nikalime kule, na nikirudi nyumbani hata ugali naula nimefumba macho.

Lakini jembe peke yake halikunichosha hivyo. Walionichosha ni kanga. Tulipanda karanga katika shamba la Doto, kanga wakatoka msituni alfajiri, kundi zima, wakachakura mistari yote kama waliotumwa. Tukapanda tena. Wakachakura tena. Mbegu iliyobaki haikujaza kibuyu, na jioni ile shemeji yangu Kabula alinikabidhi bunduki ya mumewe, ile ya marisau ya kupigia ndege. Uongozi wa kijiji ulikuwa umeniruhusu kuitumia kulinda shamba.

"Shemeji," alisema, "kuomba mbegu kwa watu siwezi tena. Kesho nenda ukawawinde."

Hakuhitaji kuambiwa kwamba sijawahi kuwinda hata njiwa. Alikuwa anajua. Mwindaji wa familia yetu alikuwa Doto, na uwindaji ndio uliomwua. Walikwenda kuwinda kanga na Mashaka, rafiki yake tangu wakiwa wadogo. Mashaka akasikia kanga analia kichakani, akafyatua. Aliyekuwa akilia kichakani alikuwa Doto, akiiga sauti ya kanga ili kundi lisogee. Polisi walikuja, wakachunguza, wakaona ni ajali, wakamwacha huru. Sisi hatukumtukana wala kumshitaki. Tuliacha tu kupita kwake.

Basi nikaiweka bunduki ile juu ya kabati, nikajitupa kitandani na nguo zangu.

Sijui nililala kiasi gani. Nasikia mtu anakohoa mlangoni, kikohozi kifupi cha mtu asiyetaka kuwaamsha watoto. Doto ameingia. Hana haraka. Anakaa ukingoni mwa kitanda, na kitanda kinabonyea kwa uzito wake, uzito ule ule niliouzoea tangu tukilala mkeka mmoja.

"Kaka," ananiambia, "kanawe miguu. Huwezi kwenda kwa ndege unanuka shamba zima."

Aliniita kaka siku zote, kwa kuwa mimi ndiye Kulwa, niliyetangulia kutoka tumboni. Nataka kumwambia kwamba yeye amekufa, lakini naona itakuwa ni kumkosea adabu. Yeye anashika sweta langu, la bluu, ananivua taratibu kama anavyovuliwa mgonjwa.

"Hii rangi usiende nayo. Wala nyekundu. Kichwa cha kanga kina bluu na nyekundu, na porini hujui nani mwingine anatafuta."

Tukawa jikoni kwa mama. Mama, aliyetutoka zamani, ameketi kwenye kigoda ananyonyoa kanga, hatutazami, lakini anajua tupo, kwa maana amesogeza miguu ili tupate pa kukaa. Manyoya yenye madoa meupe yanaanguka, yanaanguka. Ninapoyatazama chini naona si sakafu tena. Ni nyasi, na madoa yale ni umande.

Tuko ukingoni mwa shamba lake. Bado hakujapambazuka. Doto ananiketisha chini, mgongo wangu umeegemea kichuguu.

"Kitafute kitu kipana kuliko mabega yako, ukiegemee. Kinakuficha, na kinakukinga na aliye nyuma yako. Halafu tulia."

"Nitulie mpaka lini?"

"Mpaka waje. Kanga hafuatwi, kaka. Ukimfuata anakimbia kwa miguu, na wewe hutampata mpaka ufe kwa kiu. Amelala juu ya miti ile. Kukipambazuka atashuka, atalia, atakuja kula. Wewe uwe umeshafika kabla yake."

Nasikiliza. Mwili wote unaniuma, na kichuguu kina joto kama mgongo wa ng'ombe. Macho yanajifumba ndani ya ndoto hiyo hiyo. Doto ananigusa goti.

"Ukisikia sauti, usipige. Ukiona nyasi zinatikisika, usipige. Uone kichwa, uone shingo, uone mwili wote, kisha uone kilicho nyuma yake. Kama hukuona, acha apite. Karanga zitapandwa tena."

"Mbegu zimekwisha, Doto."

"Acha apite."

Hapo nikalia. Sikulia kwa huzuni. Nililia kwa uchovu, kama mtoto aliyepitiliza muda wake wa kulala. Nikamwambia nimechoka, mashamba mawili yamenishinda, nimechoka hata kumkumbuka. Hakukasirika. Alinisubiri nimalize, kama alivyokuwa akinisubiri njiani tukitoka shule.

"Najua," akasema. "Mtu aliyechoka asishike bunduki akiwa peke yake. Nenda na Mashaka."

Nilipogeuka kumtazama hatupo tena kichuguuni. Tupo kwenye kichaka kile, chini ya ile miombo ambayo nimekuwa nikizunguka njia ili nisiipite. Doto amechuchumaa. Mkono wake wa kulia uko mdomoni, amekunja vidole, analia kama kanga, na sauti yake ni nzuri mno hata mimi ninayemwona nataka kugeuka nitafute ndege. Nyasi upande wa pili zinafunguka. Anakuja mtu, ananyata. Doto anamwona. Anafurahi. Ananyanyua mkono wa kushoto juu ya majani kumpungia.

Kisha akaushusha mwenyewe, polepole, akanigeukia. Hapakuwa na mlio wowote.

"Ningesema tu," ananiambia. "Mkono kwenye majani unafanana na shingo ya ndege. Sauti ya mtu haifanani na kitu kingine. Wewe ukimwona mtu, sema. Sema kwa nguvu, hata kama ndege wote wataruka."

"Nitasema."

"Na Mashaka umwambie hivi: niliinua mkono. Sikusema. Mwambie pia nilimsikia aliponibeba."

Nikaamka. Mdomo ulikuwa mkavu na sweta la bluu lilikuwa mwilini mwangu. Jogoo wa jirani alikuwa ameanza. Nikanawa miguu, nikavaa shati la kaki, nikachukua bunduki na mfuko wa risasi, na miguu yangu ikashika njia ya kwa Mashaka kabla sijakubaliana nayo.

Alikuwa macho. Alifungua mlango na kuiona bunduki, akaitambua ni ya nani, akabaki amesimama mikono ikining'inia. Nadhani alifikiri nimekuja kumuua. Kilichoniumiza ni kwamba hakurudi ndani.

"Kulwa," alisema. "Karibu."

"Doto alikuja usiku," nikamwambia. "Amenituma kwako."

Nikayatoa yote nikiwa nimesimama, maana niliogopa nikikaa nitashindwa. Nilipofika kwenye mkono, akanikatiza.

"Mkono gani?"

"Wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mdomoni."

Mashaka akaketi kizingitini. Akajifunika uso kwa viganja.

"Niliona kitu kinanyanyuka," alisema hatimaye. "Sikufyatua kwa kusikia sauti tu. Niliona shingo. Sijamwambia mtu, wala polisi, wala mke wangu. Nani angeniamini? Wangesema najitetea."

"Amesema pia alikusikia ulipombeba."

Alilia kwa muda, bila kelele, mabega tu yakitikisika. Mimi nilisimama pale nikiwa sina hasira ya kumpa wala faraja. Mkewe alichungulia, akaturudishia pazia. Kabla hakujapambazuka nikamwambia kilichobaki: kwamba kanga wanamaliza mbegu za Kabula, kwamba mimi sijui kuwinda, na kwamba nimeambiwa nisiende peke yangu.

"Mimi bunduki sishiki tena, ndugu yangu. Hata iwe nini."

"Nitaishika mimi. Wewe kaa karibu yangu. Ukiona siangalii vizuri, niambie."

Kisha akaingia ndani, akatoka amevaa viatu.

Nikaifungua bunduki katikati, ili aone haina kitu. Hakuitazama. "Nitatangulia," alisema, "njia ya kufika kwenye mti wanapolala naijua." Akanipa mgongo, akaingia msituni mbele yangu, na kila tawi lililoziba njia alilishika pembeni mpaka nipite.