Mtaalamu wa Kugawa Kazi

Ofisini walimwita Mtaalamu, naye hakuwahi kukataa. Kazi yake ilikuwa kuipangia kompyuta kubwa ya chuo, yenye prosesa kadhaa ndani yake, yaani bongo zake za kufanyia kazi, ni prosesa ipi ishike kazi ipi. Mtangulizi wake alikuwa muumini wa usawa: prosesa moja ikionekana imekaa bure, basi kazi inapokonywa kwa jirani na kutupiwa huyo mvivu. Kwa macho ilipendeza. Lakini mashine ilijikokota, na wanafunzi walingoja matokeo ya mitihani mpaka wakachoka hata kulalamika.

Mtaalamu ndiye aliyeligundua tatizo, na tangu hapo hakuna aliyekunywa chai naye bila kusimuliwa. Prosesa, alisema, huweka karibu vitu vya kazi inayoifanya, kama fundi anavyotandaza vifaa mezani. Ukiihamisha kazi, huko iendako meza ni tupu, na kila kitu kinatafutwa upya. Akaagiza kazi ibaki pale ilipozoea, isihamishwe ila foleni ikizidi kweli. Mashine ikaanza kwenda mbio, mkuu wa chuo akampa mkono mbele ya watu, na Mtaalamu akavimba kichwa.

Nje ya ofisi alikuwa na mama yake, mjane ambaye hakuweza tena kuishi peke yake. Watoto walikuwa wanne, wote wana shughuli zao, na wote wakamwachia yeye apange, maana nani kama Mtaalamu? Akapanga kwa haki tupu: kila Jumapili mama anahamia kwa yule mwenye nafasi zaidi wiki hiyo. Dada mkubwa alimsifu. Hata kitinda mimba, ambaye hana dogo, hakupata la kusema. Mama alifunga begi lake na kupanda gari.

Haikuchukua muda, mama akaanza kupotea. Alitafuta choo akaingia stoo. Alipapasa ukuta akitafuta swichi iliyokuwa kwenye ukuta wa nyumba nyingine. Watoto wakakutana, wakatikisa vichwa, wakakubaliana kwamba akili ya mama inaondoka na huenda akapelekwa kwenye nyumba ya wazee. Mtaalamu aliumia. Alimpenda mama yake, hilo lazima lisemwe, na alimpeleka kwa daktari yeye mwenyewe.

Daktari, mwanamke asiye na haraka, akauliza maswali madogo madogo. Mama akamtajia jina la marehemu mumewe, mwaka waliooana na dawa zake zote bila kukwama. Mtaalamu akaanza kushangaa.

"Sasa mama," daktari akasema, "ukitoka chumbani kwako, choo kiko upande gani?"

"Chumbani kwangu wapi, daktari?"

Daktari akamwambia, pale nyumbani anapokaa. Mama akamgeukia mwanawe, kwa upole kabisa.

"Mwanangu, leo nakaa kwa nani?"

Mtaalamu akatoa simu mfukoni ili aangalie ratiba.