Mshika Tochi wa Usagara

Pale Usagara ukiulizia nyumba ya Hasina, watakuuliza Hasina yupi. Sema yule wa tochi, utaonyeshwa mlango na mtu wa kwanza utakayekutana naye.

Tochi zenyewe si za ajabu. Ni mbili, ndogo kama kidole gumba. Moja anaivaa shingoni kwa uzi wa kiatu, ya pili huichomeka kifuani, maana magauni ya harusi hayana mifuko. Mwaka wa nne sasa anafanya kazi kwa Rehmatbai, mama mjane mwenye studio ya picha za video, na kazi yake ni kushika tochi. Watu hucheka wakisikia. "Kushika tochi nayo kazi?" Hasina anajua kwamba waya ukiachia nyuma ya jukwaa, ni yeye anayeingia huko kwa magoti kuutafuta. Betri ya kamera ikiisha, ni yeye anayemulika mpiga picha aweke nyingine. Lenzi anaimulika kwa ubavu, hapo vumbi lililojificha hujitokeza lenyewe. Mikono ikijaa, tochi huingia menoni.

Studio ya Rehmatbai inasifika kwa shughuli za wanawake. Siku ya kumtoa bibi harusi, wanaume hawaingii ukumbini. Nadir, mtoto wa Rehmatbai, hufunga taa na mashine asubuhi ukumbi ukiwa mtupu, kisha hutoka akakaa nje na jenereta lake. Hata picha zenyewe hazitazami. Anayezitazama ni mama yake, na anayepiga ni Ruthi, dada wa Kibondei mwenye mkono usiotikisika.

Mwezi ule Ruthi alijifungua. Rehmatbai akamwita Hasina juu, chumba cha mashine.

"Ijumaa kuna harusi ya binti wa Samiha. Kamera utashika wewe."

Miaka yote hiyo Hasina alikuwa akiitazama ile kamera kama mtu mwenye njaa anavyotazama sufuria ya jirani.

"Sikiliza kwanza," Rehmatbai akasema. "Ruthi harudi hivi karibuni, ana mtoto. Picha zikiwa nzuri, kamera ni yako. Zikiharibika, kuna mwanamke Dar es Salaam ameshaniomba kazi, namwita. Wewe utarudi kwenye tochi. Mimi sina kinyongo, lakini harusi ya mtu hairudiwi."

"Nimesikia, Mama Nadir."

Ijumaa, baada ya alasiri, ukumbi ulikuwa umejaa pomoni. Madirisha yote yalikuwa yamezibwa kwa mapazia mazito, kwa sababu barazani walikaa wanaume wa upande wa bwana harusi. Simu za wageni zilikusanywa mlangoni, zikatiwa kwenye ndoo mbili na kupelekwa nyumba ya jirani, maana Bi Samiha, mama wa bibi harusi, alikwishaapa kuwa hakuna sura ya mwanawe itakayozunguka mitandaoni. Hasina alisimama mbele ya jukwaa, kamera begani, tochi zake mahali pake. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Akaanza hata kutabasamu peke yake.

Mlango ukafunguliwa. Mwanaidi, bibi harusi, akaingia amefunikwa kanga gubigubi, akiongozwa mkono na kungwi wake, Bi Kijakazi. Vigelegele vikapanda. Walipofika katikati ya ukumbi, umeme ukakatika.

Giza lilikuwa la chini ya kitanda. Nje, jenereta la Nadir likakohoa mara tatu, likanyamaza.

"Simu! Washeni simu!" akapiga kelele mmoja.

"Simu gani, shoga? Si umezitia kwenye ndoo mwenyewe!"

"Basi fungueni madirisha!"

"Thubutu! Hao wanaume waliojaa barazani unataka wamwone nani?"

"Wanione mimi! Wa kwangu ameshanichoka!"

Ukumbi ukacheka. Lakini Bi Samiha hakucheka. Sauti yake ilisikika kwa mbali ikitetemeka: "Mrudisheni ndani, tungoje umeme."

"Arudi wapi?" Bi Kijakazi akamkata. "Mwari akishavuka kizingiti harudishwi. Unataka ndoa irudi nyuma? Nitamfunua hapa hapa, gizani, na Mungu atamwona."

Hasina akajua ya kwake yamekwisha. Kumfunua bibi harusi ndiyo picha yenyewe. Hayo mengine yote, keki, zawadi, ngoma, mtu huyapitisha haraka kwenye video. Akaivuta tochi ya shingoni, akaiwasha, akamwelekezea Mwanaidi usoni.

"Zima!" Bi Kijakazi alikinga mwanga kwa kiganja. "We mtoto umelelewa wapi? Mwari hamulikwi usoni! Kwani huyu kuku, ametoroka bandani?"

Wanawake wakaguna. Hasina akazima. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Hata kwenye kioo cha kamera alikuwa ameona ubaya wake: mwanga mkali mweupe, na ile kanga imekuwa kama sanda.

Akasimama pale gizani, kamera inamwelemea. Akamkumbuka mwanawe mdogo nyumbani. Kila akitaka kumbadilisha nepi usiku, haelekezi tochi kitandani. Huielekeza ukutani, na ukuta mweupe ukamrudishia mwanga laini ambao haumwamshi mtoto. Lakini ukumbi huu kuta zake zilipakwa kijani iliyokolea, zingekunywa mwanga wote.

Akawasha tochi tena, safari hii chini, kwenye miguu ya watu. Ikapita viatu, ikapita mikia ya magauni, ikagonga kitu kikameremeta. Lilikuwa sinia kubwa la shaba la nyumbani kwa Bi Samiha, limesuguliwa likang'aa, limejaa visheti.

"Nipeni hilo sinia, jamani."

"Na visheti?"

"Pakateni!"

"Haya, leo tunakula gizani kama panya," akasema mmoja huku akivikusanya kwenye mtandio. Sinia likapitishwa juu ya vichwa mpaka kwa Hasina. Akalipokea, akapiga goti mbele ya Bi Kijakazi.

"Bibi, nisamehe. Simmuliki tena. Wewe ndiye mwenye haki ya kumwonyesha. Shika tochi hii, umulike sinia. Sinia ndilo litakalomwangazia."

Bi Kijakazi akanyoosha mkono. "Lete. Na nikikosea, usinipige picha."

Wanawake wawili wakalishika sinia usawa wa kifua. Bi Kijakazi akamulika shaba, na mwanga ukarudi wa njano, wa polepole, kama wa moto wa kuni. Hasina akaweka kiwiko juu ya goti lake, akabana pumzi. Kanga ikainuliwa.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mwanaidi aliinua macho kidogo tu, akamtafuta mama yake, akamwona. Hina ya mikononi ilikuwa nyeusi, dhahabu shingoni ikawaka. Mkono wa Hasina ulitikisika mara moja, akaumeza mtikisiko, akaendelea. Ndipo mama mtu alipoanza kulia, na baada yake ukumbi mzima ukapasuka kwa vigelegele.

Nje Nadir akapaza sauti: "Limekubali! Niwashe?"

"Ngoja huko huko, usituharibie!" akajibu Bi Kijakazi.

Jumapili Bi Samiha alikuja studio kuona. Nadir akashuka dukani. Rehmatbai akavaa miwani yake, Hasina akasimama nyuma yao.

"Sasa mapambo yangu yako wapi?" Bi Samiha alianza. "Viti nimevikodi, maua nimeyaagiza, hayaonekani hata moja! Na dada yangu kashona gauni, amekuwa kivuli."

Hasina akatazama sakafu. Kanga ikainuliwa kwenye kioo. Ilipopita, Bi Samiha akasema taratibu, "Rudisha." Ikarudishwa. "Rudisha tena." Mara ya nne alitoa kitambaa, akajifuta, akatazama mpaka mwisho. Akaomba apewe nakala ya pili, ya bibi yake Mwanaidi aliyeko Moa, ambaye hawezi kusafiri.

Alipoondoka, Rehmatbai alivua miwani.

"Hapa mkono umetikisika."

"Umetikisika, Mama Nadir."

"Jumamosi ijayo kuna shughuli Pongwe. Kamera beba wewe."

Hasina akafika ngazini, akarudi. "Nitahitaji mtu wa kushika tochi."

"Mtafute mwenyewe," Rehmatbai akasema. "Ila asiwe mtu wa kuona haya kuinama."

Akashuka ngazi polepole, akiwapitia moyoni wanawake wa mtaani kwake mmoja mmoja, akijiuliza ni ya nani mikono itakayotulia na tochi.